Tuanze na Taa Moja

Katika mkutano wa Chama cha Picha cha shule yetu uliofanyika muhula huu, lilitolewa shauri kwamba wazazi waombwe kuchanga shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi, ili zinunuliwe taa tatu za studio pamoja na miavuli yake na nguzo zake. Sisi tu wanafunzi 425, basi jumla yake ni shilingi 850,000. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wachache walionyosha mkono kukataa, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla sijamaliza kutoa sababu zangu, namwomba Mhariri anipe nafasi nizieleze hapa, ili wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu wazipime wenyewe.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini jambo hili si la mchezo. Kila mwaka wenzetu wa Kidato cha Nne humaliza masomo na kutawanyika, na wako wengi ambao hawana picha nyingine nzuri ya ujana wao ila ile ya mahafali. Mwaka jana alikodiwa mpiga picha kutoka nje, naye alitoza shilingi 3,000 kwa kila picha. Aliyekuwa na fedha alipigwa. Asiyekuwa nazo alisimama pembeni akatazama. Na hata waliolipa, wengi hawakuzipata sura zao. Walipata shati jeupe linalong'aa, meno, na juu ya kola kiwingu cheusi chenye doa jeupe katikati ya paji la uso. Niliwasikia wengine wakicheka na kusema, "Sisi weusi hatutoki vizuri katika picha." Maneno hayo si kweli, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kosa halikuwa la ngozi, lilikuwa la nuru.

Kamera haijui kwamba inatazama mtu. Ikiachwa ijipimie yenyewe, hupima nuru yote iliyo mbele yake, ikaifanyia wastani, na kuutoa wastani huo kama rangi ya kijivu. Sare yetu ni shati jeupe. Shati likichukua sehemu kubwa ya picha, kamera hudhani kwamba mahali pote pana nuru nyingi, nayo huipunguza. Shati likaonekana vema na uso ukazama gizani. Tena ile flashi iliyo juu ya kamera ni kitu kidogo sana, nayo hupiga usoni moja kwa moja kutoka pale pale inapotazama lenzi. Hivyo pua na mashavu hukosa kivuli cha kuyapa umbo, na uso huwa bapa kama sahani. Jasho kidogo likiwapo juu ya paji la uso, huirudisha ile nuru kama kipande cha kioo. Kumbe mtu hakupigwa picha, alimulikwa tu.

Wala si sisi wa kwanza kupatwa na jambo hili. Katika siku za filamu za rangi, kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikizipelekea nyumba za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili mafundi walinganishe rangi za kazi yao na ngozi yake. Kadi hizo zilijulikana kama kadi za Shirley. Ngozi ya mwanamke yule ikitoka vizuri, ilihesabiwa kwamba kazi ni njema. Mtu mweusi alitoka kama bahati ilivyompa. Ilipofika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Kamera za leo ni bora kuliko zile za zamani, lakini hata leo kamera haijui ni kitu gani tunachotaka kionekane. Sharti mtu aiambie, na lugha ya kuiambia ni nuru.

Sasa wenzangu husema, "Ndiyo maana twataka taa tatu." Vema. Lakini taa tatu ni za kazi gani? Ya kwanza ni ya kuangaza uso. Ya pili ni ya kupunguza ukali wa kivuli upande wa pili wa uso. Ya tatu huwekwa nyuma, ili kumtenga mtu na ukuta asije akaonekana amegandamana nao. Hebu tuzitazame kazi hizo moja moja, tuone ni ipi isiyoweza kufanywa na vitu tulivyo navyo.

Kazi ya kwanza huweza kufanywa na dirisha. Kanuni yake ni moja: kitu kinachotoa nuru kikiwa kikubwa na kikiwa karibu na mtu, vivuli huwa laini, kikiwa kidogo au mbali, vivuli huwa vikali. Jua ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa kuwa liko mbali sana kivuli chake mchana ni kikali kama kilichokatwa kwa mkasi. Dirisha la darasa lililotandikwa shuka jeupe, mtu akikaa umbali wa mita moja, ni taa kubwa kuliko mwavuli wowote utakaonunuliwa. Nuru kubwa ya namna hiyo haiachi doa juu ya ngozi nyeusi. Huteleza juu ya shavu polepole, ikaonyesha mfupa, mdomo na pembe ya jicho.

Wako watu waliofanya kazi kubwa ulimwenguni kwa njia hii. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alikuwa fundi seremala kabla ya kufungua studio yake mwaka 1948. Alipiga picha nyingi uani kwake kwa nuru ya mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Aghalabu alipiga picha moja tu kwa kila mteja, maana filamu ilikuwa ghali. Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa Paris, na leo watu wa mataifa mengi huzitazama kwa heshima. Na huko Uingereza, Bibi Julia Margaret Cameron alipewa kamera yake ya kwanza mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48, akaligeuza banda la kuku kuwa studio. Hawa wawili hawakungojea mchango.

Hapa nawatahadharisha wenzangu wanaosoma vitabu vya ng'ambo. Vitabu hivyo husema kwamba dirisha la studio na litazame kaskazini. Maneno hayo ni sawa kwa watu wa Ulaya, ambao jua la mchana huwapitia upande wa kusini mwaka mzima, hata dirisha la kaskazini hupata nuru tulivu. Sisi tulio karibu na ikweta hatuwezi kuyafuata bila kufikiri. Shule yetu iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri hutupitia juu ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba liko upande wa kaskazini, basi dirisha jema ni la kusini. Baada ya hapo mpaka Machi huhamia kusini, na dirisha jema ni la kaskazini. Kwa bahati njema madarasa yetu yamejengwa yakiwa na madirisha pande hizo mbili, ili jua la asubuhi na la jioni lisituchome. Basi kila darasa lililo tupu siku ya Jumamosi ni studio, nasi hatukulijua hilo.

Mtu ataniuliza, "Na usiku je? Na siku ya mvua?" Hapo ndipo ninaposema tuwe na taa, lakini iwe moja. Mwalimu wetu wa Fizikia alitusaidia kuitengeneza, na gharama zake ni hizi: balbu ya LED ya wati 20, shilingi 7,000, kishikio cha balbu, plagi na waya wa mita 5, shilingi 9,000, karatasi nne za manila nyeupe, shilingi 4,000, vibanio vya nguo, shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 22,000. Nguzo ni mti wa ufagio mrefu uliosimamishwa ndani ya kopo la rangi lililojazwa mchanga. Mbele ya balbu twatundika shuka jeupe kuukuu juu ya kamba, ili nuru ienee shuka zima na kuwa kubwa kama dirisha. Balbu za zamani za waya hazifai hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka kuwa joto, nazo huweza kuunguza kitambaa kilicho karibu. Hata hiyo ya LED haigusani na shuka, na waya haufungwi na mwanafunzi pasipo mwalimu kuukagua.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuangalia katika taa hii. La kwanza, isichanganywe na nuru ya dirisha kama balbu ni ya rangi ya manjano, maana upande mmoja wa uso utakuwa wa samawati na wa pili wa chungwa. La pili, umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za bei ndogo humetameta mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Kamera ikiwekwa kasi ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari haitokei katika picha. Lakini kasi hiyo ni ndogo, kwa hiyo kamera iwekwe juu ya meza imara na anayepigwa atulie.

Taa iwekwe wapi? Isiwe mbele kabisa wala ubavuni kabisa, bali katikati ya hapo, nyuzi 45 hivi, na juu kidogo ya macho. Hapo kivuli cha pua hushuka kuelekea pembe ya mdomo, na chini ya jicho la upande wa kivuli hubaki pembetatu ndogo ya nuru. Mchoraji Rembrandt wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1669, alichora nyuso nyingi kwa nuru ya namna hiyo, na mpaka leo wapiga picha huiita kwa jina lake. Ukiona nukta ndogo ya nuru ndani ya macho yote mawili, jua umefika mahali pake.

Kazi ya pili, yaani kupunguza ukali wa kivuli, huweza kufanywa na manila nyeupe. Shikilia manila upande wa kivuli, karibu na shavu bila kuingia ndani ya picha, nayo itarudisha sehemu ya nuru iliyotoka kwenye taa ile ile. Ukiisogeza karibu, kivuli hupungua. Ukiiondoa, kivuli huzidi. Hakuna swichi wala betri.

Kazi ya tatu tumeifundishwa darasani, ila hatukuifikiria nje ya daftari. Nuru ya balbu hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukizidi mara 2, nuru hubaki robo; ukizidi mara 3, hubaki sehemu moja ya 9. Shuka letu, kwa kuwa ni kubwa, haliifuati kanuni hiyo kwa ukamilifu likiwa karibu sana, lakini maana yake ni ile ile. Mtu akikaa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta ukawa mita 3, ukuta mweupe hugeuka kuwa kijivu kizito, na uso hutoka mbele. Ukitaka ukuta uwe mweupe zaidi, sogeza mtu na taa karibu na ukuta. Kwetu sisi wenye nywele nyeusi, ukuta wa rangi ya kati au kanga isiyo na giza hutenga kichwa vizuri bila taa ya nyuma. Basi ile taa moja imekwisha fanya kazi zote tatu. Waswahili husema, mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Na lile shati jeupe? Pima nuru ya uso peke yake, wala usiiruhusu kamera ipime picha nzima. Kisha weka kipande cha boksi kati ya taa na kifua, ili nuru ya shati ipungue. Ama, lililo rahisi kuliko yote, mtu avae sweta ya shule. Na kwa picha ya kitambulisho mpango hubadilika: mtu hutazama mbele, na nuru huwa sawa pande zote mbili bila kivuli nyuma yake. Picha hiyo ni ya kumtambua mtu. Ya kwanza ni ya kumkumbuka.

Tumejaribu mpango huu Jumamosi tatu za muhula huu, kwa ruhusa ya Mwalimu Mlezi, na wanafunzi 9 walijitolea kupigwa. Mmoja wao ni mweusi sana, naye katika picha ya darasa ya mwaka jana haonekani ila kola na meno. Alipoonyeshwa picha yake mpya alinyamaza kitambo, akaisogeza karibu na macho, kisha akauliza kama angeweza kupata mbili, ya pili ampelekee bibi yake. Hakusema neno jingine, wala hakuna aliyecheka.

Wapinzani wangu wana hoja, nami sitaki kuzidharau. Husema kwamba wanafunzi watakaomaliza ni 96, na shuka na manila vitawachelewesha. Tulipojaribu, mtu mmoja alichukua dakika 3. Kwa watu 96 ni dakika 288, yaani chini ya saa 5, nazo huenea Jumamosi mbili bila kuvunja kipindi hata kimoja. Husema pia kwamba ni aibu mgeni akute shuka la bweni na mti wa ufagio. Lakini shuka halionekani katika picha; kinachoonekana ni uso. Tena husema kwamba taa za dukani zina nguvu zaidi, na zafaa kwa picha za makundi na za watu wanaotembea. Hilo ni kweli, sina la kubisha. Wakati wake utakapofika tutazinunua, tukiwa tunajua kwa nini tunazinunua. Mtu asiyejua kuweka taa moja, ukimpa tatu atapata vivuli vitatu.

Basi nashauri mambo matatu. La kwanza, Mkuu wa Shule aombwe kuruhusu darasa moja litumiwe na Chama Jumamosi mbili kabla ya mahafali. La pili, kila mwanachama ajifunze kuweka nuru kwa dirisha, kwa taa moja na kwa manila, kwa muda wa mwaka mzima, kabla ya neno la taa tatu kutajwa tena. La tatu, na ndilo kubwa, kila mmoja wa wale 96 apigwe picha moja bila kulipa, awe na fedha au asiwe nazo. Picha moja husafishwa mjini kwa shilingi 1,000, basi 96 ni shilingi 96,000. Ukiongeza 22,000 za vifaa ni shilingi 118,000. Chama kinazo shilingi 140,000 kutokana na picha tulizouza siku za wazazi. Hakuna haja ya kumwomba mzazi hata senti.

Wazazi wetu wengine wamelima ekari nzima kwa jembe la mkono ili tuwe hapa na madaftari yetu. Wakiombwa 2,000 watatoa, maana hawapendi mtoto aonekane mnyonge mbele ya wenzake. Kwa sababu hiyo hiyo haifai tuwaombe kabla hatujatumia tulivyo navyo.

Jambo la mwisho ni hili. Taa tatu zikinunuliwa zitakuwa mali ya shule, na sisi tutakapoondoka zitabaki kabatini. Lakini kijana aliyejifunza kuitazama nuru inavyoanguka juu ya uso wa mtu ataondoka na elimu yake. Huko kwao, hata kama umeme haujafika, dirisha lipo, kanga nyeupe ipo, na watu wanaotamani kuziona sura zao kama zilivyo wapo. Aweza kuwahudumia, na aweza kujipatia riziki. Nawaomba wenzangu tukutane tena katika mkutano ujao, tupige kura upya.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne